Sinema za Wazee Uani Kwetu Nyakato: Maswali Mnayotuuliza Kila Wiki

Kila Ijumaa usiku tunatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa uani hapa Nyakato, Mwanza, na wazee wa mtaa wanakuja kutazama sinema. Nyingi ni za namna moja: mwanaume mtu mzima, kafiwa au kastaafu, kabaki peke yake, halafu linatokea jambo na anaanza kuishi upya. Maswali yamekuwa mengi, ya simu na ya kusimamishwa njiani sokoni Buzuruga, nikaona niyajibu mara moja. Anayejibu ni mimi mwenye ua, kwa hiyo ladha yangu mtaivumilia.

Kwa nini wazee wapweke muwaonyeshe wazee wapweke? Si mnawatonesha kidonda?

Na mimi ningeuliza hivyo hivyo miaka minne iliyopita.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye meli za ziwani. Akastaafu, baada ya muda mama akafariki, tukamchukua akae kwetu. Tulimtunza kama yai. Chai mezani, maji ya kuoga yamepashwa, wajukuu wameonywa wasimsumbue babu. Akishika ndoo, mtu anakimbia kumpokea. Asubuhi anatoa kiti chini ya mwarobaini, anawasha redio. Jioni anazima redio, anarudisha kiti. Nyumba ina watu tisa na yeye alikuwa mpweke kuliko mlinzi wa usiku. Sisi tuliona ni heshima.

Usiku mmoja kijana wangu alikuwa anatazama kwenye kompyuta filamu ya Kiswidi ya mzee mwenye hasira, ambaye majirani wapya wanamjia kuazima ngazi. Baba alikuwa anapita kwenda kulala. Akasimama. Akavuta kiti. Ilipoisha akasema, "Yule mama ana akili. Kamwomba." Nikadhani amemaliza. Akaongeza, "Hapa kwenu mwaka wa tatu huu, hakuna aliyewahi kuniomba hata msumari."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikamwambia, "Shikamoo baba, naomba uitazame ile pampu ya kisima." Mafundi wawili walishaishika na kula hela yetu. Alichukua siku tatu, akamtuma mjukuu mjini mara nne kufuata vipuri, akagomba sana, na maji yakatoka. Tangu siku hiyo ninazitazama sinema hizi kwa jicho lingine. Nimegundua kwamba karibu zote zina siri moja: mzee hainuliwi na pole. Anainuliwa na mtu mwenye shida, anayemjia kwa sababu kweli anamhitaji.

Hiyo ya Kiswidi inaitwaje, na ile ya Tom Hanks ni hiyo hiyo?

Inaitwa A Man Called Ove, ya mwaka 2015, imeongozwa na Hannes Holm kutoka kwenye riwaya ya Fredrik Backman. Wamarekani wakaitengeneza upya mwaka 2022, wakamwita mzee Otto, akacheza Tom Hanks. Hadithi ni ile ile ila mtaa umehama.

Mimi ni wa Ove. Rolf Lassgård ananuna kikweli, wala hana haraka ya kupendwa. Tom Hanks hata akifoka unajua moyoni ni mtu mwema, na ukishajua hilo nusu ya utamu imekwenda. Lakini wajukuu wakiwepo, Otto ni nyepesi kufuata.

Ove kila asubuhi anakagua mtaa: geti limefungwa? Gari limeegeshwa wapi? Nani kaweka baiskeli pasipotakiwa? Uani kwetu mzee mmoja alisema, "Huyu ni balozi wa nyumba kumi," na jina likamkaa. Kuna pia ugomvi wake wa miaka mingi na jirani yake, mmoja mtu wa Saab, mwingine mtu wa Volvo. Hapo sikuhitaji kueleza chochote. Simba na Yanga wanaeleweka katika lugha zote.

Kuna la kutahadhari kabla ya kumwonyesha mzazi?

Lipo, na ni zito. Ove na Otto wote wanajaribu kujiua, tena zaidi ya mara moja. Filamu inalichukua jambo hilo kwa huzuni na kwa kichekesho papo hapo, na si kila mtu anaweza kulibeba. Itazameni ninyi kwanza. Mzee aliyefiwa mwaka huu tunampa nyingine.

Na mzee akianza kusema amechoka kuishi, au akigawa vitu vyake bila sababu, hiyo si kazi ya sinema. Kaa naye, usimwache peke yake, mpeleke hospitali akaonane na watu wa afya ya akili. Pale Bugando wapo. Nasema hili kwa sababu tuna tabia ya kuliita "uzee tu".

Wazee hawasomi yale maandishi ya chini. Mnatafsiri vipi?

Tuna mwalimu mstaafu anayekaa pembeni ya shuka na kipaza sauti, anasimulia. Ni mtindo ule ule wa mabanda umiza, ila yeye hana makelele. Anaitazama filamu mara mbili kabla ya Ijumaa, anaandika kwenye daftari. Anajua pia kunyamaza, ambayo ndiyo kazi ngumu. Mwanzoni alikuwa anaeleza hata machozi: "Sasa analia kwa sababu amemkumbuka mkewe." Baba akamwambia, "Mwalimu, hayo tunayaona."

Kama ni filamu moja tu, mtupe ipi?

Ikiru. Ya Kijapani, mwaka 1952, ya Akira Kurosawa. Najua mnaogopa: nyeusi na nyeupe, dakika 143, Kijapani. Na mimi niliogopa. Tuliigawa Ijumaa mbili, na Ijumaa ya pili watu waliongezeka.

Kanji Watanabe ni mkuu wa kitengo katika ofisi ya jiji. Karibu miaka thelathini amekuwa akigonga mihuri, hana alichofanya. Anaugua tumbo, na kwa namna madaktari wanavyomzungusha maneno anatambua ni kansa. Mwanawe na mkwewe wanaishi naye nyumba moja lakini wanawaza kiinua mgongo chake. Hapo uani kukawa kimya cha ajabu, kila mtu akitazama viatu vyake.

Mwanzoni kabisa kuna akina mama wanaokuja ofisini: mtaani kwao kuna dimbwi la maji machafu, watoto wanaumwa, wanaomba lifukiwe. Wanatumwa dirisha hili, wanapelekwa lile, idara hii inasema ni ya wale, wale wanasema ni ya hawa, mpaka wanarudi walipoanzia. Mwalimu alipoanza kusimulia kwa sauti za makarani wetu, "Nenda chumba namba nne, mhusika ametoka kidogo," watu walicheka mpaka mzee mmoja akaomba tusimamishe apumue. Hiyo ni Tokyo, zaidi ya miaka sabini iliyopita.

Watanabe anajaribu kwanza kutapanya hela usiku na pombe. Haisaidii. Anamng'ang'ania msichana aliyeacha kazi ofisini kwake akaenda kiwandani kutengeneza midoli ya sungura, anamuuliza amepata wapi uchangamfu ule. Msichana hana hekima ya kumpa; anasema tu kwamba anatengeneza hivi, na anajisikia anacheza na watoto wote wa Japani. Mzee anashuka ngazi mbio, anarudi ofisini, anatafuta lile faili la akina mama.

Tunaikata hapo kila tukiionyesha. Wiki nzima wazee wanabishana atafanya nini.

Sehemu ya pili inaanza tayari amekufa. Tupo msibani. Wakubwa wamekaa, wanagawana sifa za bustani ya watoto iliyojengwa pale penye dimbwi, na sifa zinakwenda kwa naibu meya. Wenzake wanalewa, wanaanza kukumbuka jinsi yule mgonjwa alivyokuwa anakwenda kila ofisi, anainama, haondoki mpaka asainiwe. Wanalia na kuapa kwamba kuanzia kesho na wao watafanya kazi hivyo. Kesho inafika, karani anamwambia mwananchi aende dirisha lingine. Sijawahi kuona msiba ulioandikwa kwa ukweli kama ule.

Kuna na picha ya Watanabe akibembea peke yake usiku, theluji inaanguka, anaimba polepole. Hapo mwalimu anaweka kipaza sauti chini.

Nimeona ya Kiingereza inayofanana. Ni nakala?

Ni Living, ya 2022, imeongozwa na Oliver Hermanus, imeandikwa na Kazuo Ishiguro, na Bill Nighy ndiye mzee. Wameihamishia London ya miaka ya hamsini. Ni fupi kwa dakika arobaini hivi, nzuri, yenye adabu. Ukiwa na mzee anayejua Kiingereza na hapendi nyeusi na nyeupe, mpe hiyo. Lakini ule msiba wa Kijapani hamna wa kuufikia.

Ile ya Mmarekani anayemwandikia barua mtoto wa Tanzania ipo kweli?

Ipo, hatuitungi. About Schmidt, 2002, ya Alexander Payne, na mzee ni Jack Nicholson. Warren Schmidt wa Omaha, Nebraska, amestaafu kampuni ya bima. Kazi yake ilikuwa kupiga hesabu za lini mtu atakufa na bima ilipwe kiasi gani. Wazee wetu wakambatiza papo hapo: "Mzee Kikokotoo." Kwa wastaafu wa hapa neno hilo, la kanuni ya kukokotoa mafao yao, lina uchungu wake, na sitaligusa zaidi.

Anaona tangazo kwenye televisheni, anaanza kutuma dola 22 kwa mwezi kumsaidia mtoto wa miaka sita Tanzania. Mtoto anaitwa Ndugu. Ndiyo, Ndugu, Ndugu Umbo. Uani kwetu kicheko hicho kilichukua dakika nzima, kwa sababu wazee hawa wote walikuwa Ndugu fulani enzi za chama kimoja. Schmidt anaambiwa aandike na barua, basi anaandika. Anaanza na adabu, kisha anafungulia: anamlalamikia mkewe, anamponda kijana aliyechukua nafasi yake kazini, anamsema mchumba wa binti yake. Mkewe anakufa ghafla, na barua zinaendelea. Mtu mzima hana wa kuzungumza naye duniani isipokuwa mtoto ambaye hajamwona.

Nionye: kwa karibu saa mbili haipashi moyo joto hata kidogo. Schmidt ni mchoyo, muoga, na wakati mwingine unataka kumzaba kibao. Joto lote liko kwenye dakika za mwisho, anapofika nyumbani na kukuta bahasha kutoka Tanzania. Mtawa anamwandikia kwamba Ndugu hajui kusoma wala kuandika, ila amemchorea picha. Siielezi. Mzee mmoja wetu, aliyekuwa anakoroma tangu katikati, aliamka pale pale, akaiona ile picha, akatoa leso.

Swali lililobaki ni lao: kama mtoto hajui kusoma, nani alikuwa anamsomea yale maneno ya mke?

Na za Afrika Mashariki je?

The First Grader, 2010, imepigwa Kenya. Ni habari ya kweli ya Kimani Maruge, aliyeanza darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali kutangaza elimu ya msingi bure. Mwaka uliofuata alikwenda New York, Umoja wa Mataifa, kusemea elimu hiyo. Alifariki 2009. Kwenye filamu anachezwa na Oliver Litondo, ambaye watu wazima wanaoshika vituo vya Kenya wanamkumbuka akisoma habari.

Filamu ina mateso ya enzi za Mau Mau, yanaumiza kutazama. Watoto wadogo tunawatoa. Ninachokipenda ni pale wakubwa wanapomfukuza shuleni, na mwalimu wake anamrudisha kwa mlango mwingine, kama msaidizi wake darasani. Ameombwa kazi! Mnaona ninachosema.

Usiku huo hatukumaliza mapema, kwa sababu kila mzee alikuwa na yake ya kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, na hapa Mwanza kisomo chenye manufaa kilikuwa kimeshaanza 1968 kwa msaada wa UNESCO, watu wakijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba na uvuvi. Mzee mmoja wa kutoka Magu alisimama akatuandikia jina la marehemu mama yake kwa kidole juu ya shuka, kwenye mwanga wa projekta, jinsi mama huyo alivyoliandika mara ya kwanza. Herufi ya S aliigeuza.

Bongo muvi hazina wazee?

Zinao: mganga, tajiri anayehonga wasichana, baba mkali wa kijijini, au mchekeshaji. Marehemu King Majuto, aliyefariki 2018, alituvunja mbavu na tunamwonyesha mara kwa mara, kwani huwezi kuwaliza watu kila Ijumaa. Lakini mzee ambaye yeye mwenyewe ndiye hadithi, anayebadilika mbele yako, sijampata wa kunitosha. Kuna mvuvi mstaafu Ukerewe anamngoja mtu mwenye kamera.

Nyingine fupi fupi za kutafuta?

Wajukuu wakiwepo, Up ya 2009: katuni ya mzee muuza maputo anayefunga maelfu ya maputo kwenye nyumba yake ikapaa. Mwanzoni kuna dakika chache zinazosimulia ndoa nzima karibu bila maneno, kwa hiyo mwalimu anapumzika. Jiandaeni kwa leso.

The Straight Story, 1999, ya David Lynch. Mzee wa miaka 73 hana leseni, kaka yake ambaye hawasemeshani miaka kumi amepata kiharusi, basi anapanda katrekta ka kukatia nyasi na kuvuka km 380 na zaidi kumfuata. Hiyo ni zaidi ya Mwanza hadi Musoma, kwa mwendo wa pawatila. Ilitokea kweli, mwaka 1994. Wazee wanaipenda sana, vijana wanalala.

The Visitor, 2007: profesa aliyefiwa na mkewe anajifunza kupiga ngoma kutoka kwa kijana mhamiaji. Tulipoionyesha, wazee wa Kisukuma hawakuwa na huruma na mikono ya profesa. Wiki iliyofuata wakaomba usafiri waende makumbusho ya Bujora, Kisesa, kutuonyesha ngoma inavyotakiwa kuwa.

Akina mama wanaruhusiwa?

Wanakuja. Hucheka sehemu ambazo wanaume hunyamaza.

Saa ngapi, na kiingilio?

Baada ya swala ya isha, saa mbili na nusu. Hapa ni nyumbani, hakuna kiingilio. Anayetaka kuleta karanga alete.

Nataka kuanzisha mtaani kwangu. Ninahitaji nini?

Projekta ndogo ya mkononi inatosha, shuka lisilo na maua, spika moja nzuri. Spika ni muhimu kuliko projekta. Mzee asiyesikia atalala, na akilala atasema filamu ni mbaya. Viti viwe na mgongo. Choo kiwe karibu na njia iwe na taa. Katikati simamisheni dakika kumi, msingoje waombe.

Adui yenu ni watatu. Umeme, kwa hiyo jenereta iwe tayari. Mvua juu ya bati, ambayo haina dawa. Na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi; wakiingia mtaani wanafuata mwanga, wanajaa kwenye shuka mpaka unadhani Japani yote inanyesha theluji. Zima, kunyweni chai, wataondoka.

Baba yangu atakataa kuja. Nimshawishije?

Usimwambie kuna sinema ya wazee wapweke. Hata mimi ningekataa. Usimwambie atapata marafiki. Njoo naye mlangoni, mimi nitatoka nje nimwamkie na kumwambia kwamba jenereta inasumbua na hatuna mtu wa kuitazama. Si uongo. Ile jenereta inasumbua tangu tulipoinunua, na kwa sasa ina wazee watatu wanaogombana kuhusu kabureta yake. Baba yangu anasema wote watatu hawajui kitu.